Mkaja wa Mama Mkwe

Mwanangu alipozaliwa nilifurahi siku arobaini. Siku ya arobaini na moja nilianza kumwonea wivu, na mpaka leo, nami sasa ni mkongwe wa kutwangiwa tambuu, sijamaliza.

Siku hiyo ndiyo baba yangu alipokuja kumwona mjukuu wake. Tulikuwa tukikaa nyumba moja hapa Bagamoyo, nyuma ya mtaa wa maduka ya Wahindi, yeye mbele na sisi wanawake uani. Mume wangu alikuwa mtu wa misafara, akienda bara hurudi baada ya mwaka au miwili, kwa hiyo niliolewa bila ya kuhama. Kwa siku zote arobaini baba hakuvuka mlango wa ua. Alipovuka, hakukohoa, na hilo ndilo lililonishtua. Tangu nilipovunja ungo, baba hakupata kuingia uani bila kusimama kwanza nje ya mlango akakohoa mara mbili, nipate kujitanda vizuri na kumpisha njia. Siku ile aliingia moja kwa moja, akaketi juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akanyoosha mikono na kusema apewe mke wake amwone.

Mke wake. Ni desturi yetu watu wa pwani, babu humwita mjukuu wa kike mke wake, na mjukuu akishajua kusema humwita babu mume wangu, wakataniana maisha yao yote na hata mmoja akishakufa. Hayo niliyajua. Nisilolijua ni kwamba baba yangu anaweza kucheka. Alimsimanga mtoto kwa kukosa meno, akamwuliza kama anajua kupika wali, akamwonya kwamba akiwa mvivu atamrudisha kwao. Nilikuwa na miaka kama kumi na minane, na siku ile ndiyo ya kwanza kuyaona magego ya baba yangu.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo hata sura yake sikuishika. Alinilea shangazi, dada yake baba, mwanamke mwenye mkono mwepesi wa kufinya na moyo mwema. Baba alinilisha na kunivisha, akanisomesha Kurani kwa mwalimu, lakini yeye na mimi tulikuwa na maneno mawili tu. Mimi nilisema shikamoo, yeye alisema marahaba. Mengine yote yalipita kwa shangazi. Akitaka maji ya kuoga alimwambia shangazi, nami nikiugua alimwuliza shangazi. Wenzangu nao walikuwa na baba wenye haya, sikatai, lakini walikuwa na mama. Mimi nilikuwa na kikohozi cha mlangoni.

Na nilipojifungua, ndipo nilipoona upungufu wangu. Wasichana siku hizi huniuliza mkaja ni nini. Ni kile kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni akishajifungua, mwili urudi mahali pake. Kila mwenzangu alifungwa na mama yake, tena kwa mkaja ule ule mama aliofungwa alipomzaa yeye. Mimi nilifungwa na shangazi kwa kaniki mpya ya dukani, ngumu, yenye kuchuja rangi, tumbo langu likawa la buluu. Nilimwuliza uko wapi mkaja wa mama. Akasema nguo zote za marehemu zilitolewa sadaka, na huo bila shaka ulikwenda pamoja nazo. Nililia, na shangazi akadhani ni uchungu wa tumbo.

Baba alikuwa fundi wa makubadhi. Barazani kwake hapakukosa ngozi iliyolowekwa, na harufu yake ilitangulia kufika kabla yake. Miaka hiyo meno ya tembo yalikuwa bado yakishuka Bagamoyo mabegani mwa watu, na kila mkubwa wa msafara alitaka makubadhi yake yawe ya baba, kwa sababu gidamu zake, zile kanda za kushikia kidole, hazikukatika njiani. Mimi nilishonewa makubadhi mara moja, nilipoolewa. Aliyaleta shangazi. Yalinikaa sawasawa, kisigino hakikuzidi wala hakikupungua, nami sikujiuliza mtu ambaye hakuwahi kunishika mguu alijuaje kipimo chake.

Binti yangu alishonewa kila mwaka. Alipimwa mguu juu ya ngozi huku akitekenywa, akipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Alipofika miaka sita alikuwa ameshahamia barazani. Alikula sahani moja na babu yake, na babu akamwibia vipande vya samaki makusudi ili wagombane. Mtoto alimwita kizee changu, akamwambia ataolewa na kijana wa Mlingotini mwenye meno yote. Babu alijibu kwamba hao wa Mlingotini wanajua kula tu. Mimi niliyepika samaki huyo niliweka sahani mlangoni, nikarudi nyuma hatua tatu, nikasikiliza kicheko kisichokuwa changu.

Tena kulikuwa na hili la kuniita mkwe. Maana mtoto akiwa mkewe, basi mama wa mtoto ni mama mkwe. Chumvi ikizidi, alimtuma mtoto aniambie kwamba mume wake anamwomba radhi mama mkwe, lakini mchuzi una chumvi. Nikipita barazani alijifanya kuinama na kuficha uso, ndivyo mtu amwogopavyo mkwewe. Na kila mara alimaliza kwa neno moja, "Mwambieni mama mkwe mkaja wake haujasahauliwa."

Ni mzaha wa kawaida, kwa sababu mtu akioa humpa mama wa mke zawadi, na zawadi hiyo nayo huitwa mkaja, kulishukuru tumbo lililomzaa binti. Watu walicheka. Mimi niliona ananikejeli, anautaja mkaja mbele yangu miye niliyefungwa kaniki ya duka. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto, nikiingia jikoni napuliza moto kwa hasira hata majivu yakaruka chunguni.

Mwaka mmoja kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao mjini, binti yangu akiwa na miaka tisa, niliwakuta barazani alasiri. Kasha dogo la baba lilikuwa wazi. Sikupata hata siku moja kuruhusiwa kuligusa kasha hilo. Alikuwa amekunjua kitambaa magotini, anamnong'oneza mtoto, na mtoto anaitikia kwa kichwa kama mtu mzima aliyepewa kazi. Waliponiona, baba alikikunja upesi akakirudisha ndani, akashika kisu chake na kuchonga ngozi iliyokwisha kuchongwa. Uani nilimwuliza mtoto ile ni nini.

"Siri yangu na mume wangu," akasema, akanicheka.

Nilimpiga kofi. Mkono ulikwenda kabla yangu. Nikasema kwa sauti ya kufika barazani kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kukanyaga huko kwa siku saba, kwamba ameshakuwa mkubwa, kazi za nyumbani zinamngoja. Shangazi aliniangalia sana. Alijua si kazi za nyumbani.

Baba hakunikataza. Angeweza, alikuwa mwenye nyumba. Siku ya pili nilimsikia akija mpaka mlango wa ua, akakohoa mara mbili na kusubiri. Nilikuwa nikichambua mchele. Sikuitika wala sikumtuma mtoto. Alisimama muda wa kumaliza ungo mmoja, kisha makubadhi yake yakarudi alikotoka. Siku ya tatu alikuja tena. Nitasema kweli, kwa kuwa sina tena wa kumwonea haya. Nilifurahi. Nilisema moyoni, sasa na wewe onja.

Siku ya tano shangazi alinijia mbio kwamba kaka yake ana homa na hasimami. Nilimpeleka mtoto mwenyewe, nimemshika mkono. Baba hakuwa na nguvu ya kutania. Mtoto alipanda kitandani akaketi miguuni pake, na mimi nikasimama mlangoni, mahali pangu. Baba aliniangalia kwa muda mrefu. Midomo ilitaka kusema, nami nikainamisha macho kama nilivyofundishwa. Nilipoinua kichwa alikuwa amegeukia ukutani. Alifariki asubuhi ya Ijumaa.

Walimwosha, wakamkafini, wakamlaza katika jeneza ukumbini, na ua ukajaa wanawake. Binti yangu akafanya yale wanayofanya wajukuu. Alivaa kofia ya babu yake ikamziba macho, akachukua bakora yake, akatembea vile alivyokuwa akitembea, kiuno kimekakamaa kwa kukaa sana na ngozi. Akaenda mpaka mlango wa ua, akakohoa mara mbili. Wanawake wote walicheka huku machozi yakiwatoka. Ndiyo heshima ya utani, msiba upate kupumua. Mimi sikucheka. Nilimwonea wivu hata hapo, kwamba yeye aruhusiwe kumwigiza baba yangu mbele ya watu, na mimi mwanawe kazi yangu iwe kujifunika ushungi na kulia bila sauti.

Wanaume walipoinama kulibeba jeneza, mtoto alijilaza kizingitini. Akasema mume wake hatoki. Hilo nalo ni desturi, mjukuu huzuia mlango mpaka apewe chochote cha kumtuliza. Wakampa hiki na kile, akavikataa vyote. Wakaongeza, akakataa. Wazee wakaanza kunung'unika kwamba sala ya Ijumaa itawapita. Nilisimama kwenda kumwinua, na mkono ule uliompiga ulikuwa unawasha.

Ndipo alipochomoa kitambaa ndani ya nguo yake. Kirefu, chembamba, cheupe kilichogeuka rangi ya chai kwa ukongwe, na pindo lake limefungwa fundo.

"Mume wangu hatoki mpaka mama mkwe apokee mkaja wake," akasema.

Watu wengine walicheka tena, wakidhani bado ni mzaha. Shangazi hakucheka. Alikishika kitambaa, akalitazama lile fundo, akaketi chini palepale mchangani.

"Ni wa mama yako," akaniambia. "Fundo hili nililifunga mimi siku uliyozaliwa. Kumbe aliuficha."

Mtoto alikuwa bado kizingitini. Nilimwuliza babu yake alimwambia nini siku ile. Akanijibu kwa kituo, kama anasoma mbele ya mwalimu wake, "Alisema, mimi ni baba yake, na hii ni nguo ya tumbo la mwanamke, siwezi kumpa kwa mkono wangu wala wa dada yangu, nitakufa kwa haya. Tangu ulipozaliwa nakusubiri ukue unipelekee. Wewe ni mke wangu, mkabidhi mama yako. Mwambie mama yake alimfurahia sana. Mwambie na mimi."

Alikuwa ameambiwa auchukue kashani anipe siku ile ile jioni. Nilimpiga kofi kabla ya jioni, akanyamaza, na babu akaja kukohoa mlangoni siku mbili mfululizo. Asubuhi ya msiba mtoto aliufuata kashani mwenyewe.

Niliupokea mkaja kwa mikono miwili. Mtoto akainuka kizingitini, wanaume wakalibeba jeneza, na baba akatoka nyumbani kwake. Sisi wanawake tulibaki uani kama kawaida, na mchele wa watu mia ulikuwa unangoja kuchambuliwa.

Binti yangu sasa naye ni bibi. Nilimfunga kwa mkaja ule alipojifungua kila mmoja wa watoto wake, na wasichana wake nao wamefungwa kwa huo huo. Amekuwa mtoto mwema kwangu, wala kofi lile hakupata kulitaja. Lakini huwa namwita karibu, hasa Ijumaa, namwambia arudie maneno aliyoambiwa barazani. Huyarudia yote bila kukosea. Namsikiliza, namshukuru, na moyo wangu unauma pale pale panapouma siku zote, maana yeye aliyasikia kwa sauti ya baba yangu, na mimi ninayasikia kwa sauti yake.