Pumzi ya Kupandia Ngazi

Watu wa Savo, jimbo la kaskazini lenye maziwa yanayoganda, hawajui kunyamaza. Muulize mtu wa Kuopio, mji wao, njia ya kwenda sokoni, atakusimulia kwanza habari za jongo la shemeji yake, na mwisho atakwambia njia huenda ikawa ile, au huenda isiwe. Wanafunga midomo mahali pamoja tu: kwenye tobo la barafu, tundu linalokatwa ziwani ili watu wajitumbukize. Mtu akishuka ngazi kuingia ziwani mwezi wa Machi, hasemeshwi, hata awe anadaiwa mahari. Anaachiwa maji yake na pumzi yake mpaka apande.

Maura Homanen aliipenda mno desturi hiyo. Ilimwezesha kufanya jambo lake kwa majira kumi na tisa ya baridi pasipo mtu kumuuliza.

Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, miaka sitini na saba, na kwa miaka thelathini na moja ndiye aliyewapelekea watu barua. Alizipeleka kwa baiskeli kiangazi na kwa miguu wakati wa theluji, vilima vyote vya Kuopio, na mfuko begani. Vijana walioajiriwa baada yake walihema njiani na kuomba wapewe gari. "Yule mama ana mapafu mangapi?" walikuwa wakiulizana. Siri ilikuwa tobo. Kila alfajiri kabla ya kazi alitumbukia, akatoka mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na damu ilimchangamka mpaka jioni.

Tobo alifundishwa na bibi yake, Oudotja, akiwa na miaka tisa. Hiyo ilikuwa kule kwao Karelia, katika kijiji cha Kuikkaniemi, sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, padri alipokwisha kubariki maji. Maura alisimama kwenye barafu akilia, kavaa shati na soksi za sufu.

"Baridi haimuui mtu, mjukuu wangu," bibi alimwambia. "Kinachoua ni kubana pumzi. Toa! Polepole, kama unapoza uji kwenye kijiko. Ukitoa, mwili utaiba nyingine wenyewe. Ila ya mwisho usiitoe majini. Itunze kifuani, hiyo ndiyo ya kupandia ngazi."

Mwaka wa arobaini na nne vita viliwahamisha. Walitoka na ng'ombe mmoja na cherehani, mpaka ukachorwa upya nyuma yao, na Kuikkaniemi ikabaki upande wa pili. Maura alikuwa na miaka kumi na minane. Hakuiona tena.

Miaka thelathini ikapita. Siku ya kwanza alipoingia kwenye tobo la Kuopio, baridi ilimkaba kooni, akatafuta kitu cha kuhesabia pumzi asije akatapatapa. Kilichomjia mdomoni kilikuwa njia ya kijijini kwao, kandokando ya ziwa, kutoka kanisani mpaka rasini. Pumzi moja, nyumba moja. Kwa Huoti. Kwa Jehkim. Kwa Palaga mjane, ambako hata Jumatatu palinukia mkate. Kwa Miihkali, ambako palinukia gongo. Kwa Ontrei, aliyeiba farasi wa padri, kisha akamrudisha mwenyewe kwa kuwa farasi alimng'ata. Nyumba zilikuwa ishirini na mbili. Ishirini na moja alizitoa kwa pumzi majini, kwa sauti ya kunong'ona. Ya mwisho ilikuwa yao wenyewe, huko rasini, nayo iliangukia pumzi ya kupandia ngazi, kwa hiyo hakuitamka kamwe. Alipanda nayo kifuani. Kila asubuhi alikwenda kupeleka barua za watu akiwa ndio kwanza ametoka nyumbani kwao.

Mtu mmoja tu alijua hesabu hiyo, kaka yake Vasle, aliyempigia simu kila Jumapili wakagombania kama Simana alitangulia Teppana au la. Vasle alifariki mwezi wa Oktoba. Baada ya mazishi Maura aliketi jikoni na kalamu, aandike kijiji chote kisipotee. Aliandika nyumba kumi na nne, mbili kazirudia. Kwenye joto kijiji kiligoma. Kilimjia majini tu, kwa pumzi na kwa mpangilio wake, na daktari alikuwa amekwisha kumwambia kwamba presha yake haitaki tena maji ya barafu. Alimbembeleza daktari amwachie mpaka barafu iyeyuke. Tena Februari, mara mbili, alikwama kidogo njiani hata kwenye maji. Aliogopa. Yeye ndiye alikuwa amebaki peke yake, na akisahau yeye, basi Huoti na Palaga na wenzao watakuwa hawakupata kuishi popote.

Asubuhi moja ya wiki ya mwisho ya Machi, wanawake watatu walikuwa wakivua nguo katika kibanda cha tobo: Maura, Kerttu msusi, na Impi, mwalimu mstaafu wa kushona.

"Maura, leo uso umekusawijika," Kerttu alisema. "Umeota ndoa?"

"Nani anioe na magoti haya?"

"Magoti si kitu, shoga. Mume wangu ana mazuri mawili na hayajawahi kumfikisha jikoni."

"Kerttu, vaa soksi, utatuchelewesha," Impi alisema.

Walitoka nje. Maura alitangulia. Alipokanyaga ngazi, Kerttu alinyamaza katikati ya neno, kama ada.

Maji yalimpanda kiunoni, yakafika shingoni. Akatoa pumzi. Kwa Huoti. Kwa Jehkim. Kwa Palaga. Aliyaona mapaa ya nyumba yakija moja moja. Miihkali, Ontrei, Iivana. Kwa Simana, pumzi ya saba. Akavuta hewa ya nane, akafungua mdomo.

Hapakuwa na kitu. Njia ilikuwepo, uzio ulikuwepo, baada ya uzio ni weupe mtupu.

Alipaswa kupanda. Alilijua hilo vizuri kuliko yeyote. Lakini alihisi kwamba akitoka kabla ya kulipata jina, hatalipata tena, wala yaliyo nyuma yake. Akabana pumzi, akashika ngazi, akabaki. Vidole vilikufa ganzi. Ukingoni mwa tobo Impi aliangalia saa yake, akamwangalia Kerttu, akaiangalia saa tena.

Ndipo Kerttu alipovunja mwiko.

"Teppana!" alipiga kelele. "Maura, ni Teppana! Toa pumzi, mama!"

Maura akatoa. "Kwa Teppana," alisema, na nyumba ikasimama mahali pake, na kinu mlangoni.

"Trohkimo," Kerttu na Impi walisema pamoja, taratibu, kama watu wanaoitikia kanisani. "Outi. Petri." Walikwenda hivyo, wao juu na yeye majini, bila kuruka hata moja, hadi ya ishirini na moja. Maura akafumba mdomo, akapanda.

Kibandani walimfunika blanketi, wakamsukumia kahawa na maandazi ya iliki. Meno yaligongana mpaka kikombe kikalia.

"Mmejuaje?" aliuliza.

"Mwaka wa kumi na tisa huu unatunong'onezea," Kerttu alisema. "Mimi bila wao siingii majini. Naanza na Huoti, namaliza na yule wa ishirini na moja."

"Hatukutaka kuuliza," Impi alisema kwa haya. "Sala ni siri ya mtu. Tulijua ni watakatifu wenu wa Kiothodoksi."

"Watakatifu?"

"Mimi nimemshika zaidi Ontrei. Nilimwomba hata nilipopasuliwa goti."

Maura aliweka kikombe chini. "Impi. Ontrei alikuwa mwizi wa farasi."

Kerttu akacheka mpaka akashika benchi. "Na goti likapona! Ndiyo maana siku hizi unatimua mbio!"

Maura naye alicheka, na katikati ya kicheko machozi yalimtoka, hakuyafuta. Akawaeleza yote: njia, ziwa, mkate wa Palaga, farasi aliyeng'ata. Impi akachukua kalamu, akaandika majina nyuma ya kalenda ya kibandani.

"Lakini kuna jambo linatutatiza," Kerttu alisema. "Baada ya yule wa mwisho unavuta pumzi nyingine, unafumba mdomo, unapanda nayo. Huyo ni nani?"

Maura alitazama mikono yake. Kulikuwa na joto, na hakuwa majini.

"Kwa Homanen," alisema. "Kwetu."

Mwaka uliofuata ziwa liliganda mapema, na daktari hakubembelezeka tena. Maura alikuja hivyo hivyo, akaketi kwenye benchi la ukingoni mwa tobo, kajifunga koti la manyoya, na chupa ya kahawa mapajani. Kerttu akashuka ngazi. Maura alimsikia akipita kijiji kizima, nyumba kwa nyumba, kutoka kanisani, kwa sauti ya mwanamke anayepoza uji. Ya mwisho aliivuta, akaibana, akapanda, maji yakimchuruzika. Akaja mpaka mbele ya benchi, akasimama, akaitoa.

"Kwa Homanen."

"Karibu ndani," Maura akaitika.