Pua ya Mfalme

Mwaka ule benki za Ubelgiji zilipoanza kuyumba, nilikuwa nimetoka chuo kikuu na digrii ya uchumi, na digrii hiyo ilikuwa imenipa kitu kimoja cha uhakika: sababu nyingi za kuogopa. Nilikuwa na akiba ya mahari. Mchumba wangu, aliyekuwa akihudumia wazee katika makao yao huko Evere, aliniambia mapema kwamba baba yake hatampokea mkwe anayekuja na maneno matupu. Kwa hiyo kila mwezi nilitenga kitu kutoka kwenye mshahara wangu wa kibarua cha ofisini. Televisheni ikaonyesha mawaziri wakitoka mikutanoni macho mekundu. Majirani zetu walibadilisha stesheni wakaendelea kula. Mimi nilikwenda benki nikatoa pesa zote.

Shida ya pesa zilizotoka benki ni kwamba lazima zilale mahali. Niliogopa moto, niliogopa wezi, niliogopa mama mdogo niliyekuwa nikiishi naye Berchem, ambaye anapofanya usafi hutupa kila kilichofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mwisho niliogopa kwamba yuro yenyewe inaweza kufa. Nikasoma mtandaoni mpaka nikapata jibu: dhahabu. Si vipande vikubwa vya matajiri, bali sarafu za zamani ambazo watu walizitumia sokoni enzi hizo. Ziko nyingi kiasi kwamba hakuna anayezikusanya kwa urembo, na huuzwa karibu na bei ya dhahabu iliyomo ndani yake. Mtandao haukuniambia zina kichwa cha nani.

Nililijua hilo dukani, nyuma ya kioo kinene, karibu na soko la hisa. Muuzaji, mzee mwenye sweta iliyotoboka kiwiko, alimwaga sarafu kwenye sinia, na ndevu zikanitazama. Alikuwa yule mfalme wa Ubelgiji. Nilimjua kutoka kitabu cha historia cha shule yetu Lubumbashi, yule aliyeifanya nchi yetu nzima shamba lake binafsi bila kuikanyaga hata siku moja.

"Hakuna mwingine?" niliuliza.

"Kuna jogoo wa Ufaransa," alisema. "Kuna binti wa Uswisi mwenye nywele za kusuka. Wiki hii wanatafutwa, bei yao imepanda kidogo."

Nilizidisha hicho kidogo kwa idadi ya sarafu. Msimamo wangu ulikuwa na thamani ya jozi moja ya viatu vizuri. Nilisimama pale nikiwafikiria mababu zangu kwa heshima yote, kisha nikavifikiria viatu. Nikamchukua mfalme.

Hapo ndipo malezi yangu yaliponiingiza hasara. Aliyekulia Lubumbashi anajua kwamba dola iliyochanika pembeni, hata mchaniko wa ukubwa wa mguu wa sisimizi, si dola tena. Utaikunjua, utaipiga pasi, utaipeleka kwa wabadilisha pesa wote wa barabarani, na wote watairudisha kana kwamba umewapa ugonjwa. Pesa inayopokelewa bila kukaguliwa imepokelewa na mjinga. Basi nilizikagua. Nilizigeuza moja moja chini ya taa, nikazikataa zilizokwaruzika, nikazikataa zenye ndevu zilizolainika. Nyuma yangu watu walianza kukohoa.

"Bwana," alisema muuzaji, "unanunua dhahabu au unatafuta mume?"

Nilimwambia nataka nzuri tu. Alinitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa aliyejichagulia dawa, akafungua droo nyingine. Hizo zilikuwa zinang'aa. Zilikuwa pia na bei ya kung'aa, na nililipa. Zikapungua moja, naye akajazia moja iliyochakaa kutoka kwenye sinia, mfalme asiye na pua kabisa. Nilimwomba aibadilishe. Alikuwa ameshamwita mteja mwingine.

Mama mdogo alizigundua wiki hiyohiyo, ndani ya soksi. Alizipanga mezani, akavaa miwani.

"Huyu muzee anafanya nini mu nyumba yangu?"

"Ni akiba, mama. Ya dot, ya mahari."

"Minalipa loyer ya nyumba mimi, analala bure yeye?" Alizigeuza zote uso chini. "Bon. Abakie. Lakini asiniangalie nikiwa nakula."

Bei ilipanda. Ilipanda mwaka uliofuata, na uliofuata, na nikawa mtu wa kusikilizwa kwenye misiba. Kila Jumamosi nilipanda tramu kwenda kusoma bei dirishani mwa duka, ingawa ilikuwa mtandaoni, kwa sababu bei ya mtandaoni niliishuku. Mchumba wangu aliuliza kama sasa inatosha kumwona baba yake. Nilimweleza kwamba ukiuza kitu kinachopanda umejiibia mwenyewe. Bei iliposhuka, nilimweleza kwamba ukiuza kitu kinachoshuka umekubali hasara.

"Donc ni lini mutu anauzisha?" aliuliza.

Nilianza kujibu. Aliinua mkono.

"Mule kazini nilikuwa na bibi moya mwenye alikuwa anangojea mutu akomeshe kufikiri. Anasema alichoka, akaolewa na jirani." Alivaa koti. "Kwetu kuko jirani moya, ana camionnette. Papa anamupenda. Mwezi huu uuze, ao nikuletee faire-part ya ndoa yangu na yeye."

Tulikwenda pamoja. Muuzaji alikuwa yuleyule, na sweta pengine ileile. Alizikusanya sarafu zangu zote, zenye kung'aa na ile isiyo na pua, akazitupa pamoja kwenye mizani.

Nilimwambia kwa utulivu kwamba nyingi kati ya hizo nilizilipia zaidi, kwake yeye, kwa sababu ya ubora.

"Nakukumbuka," alisema. "Lakini mizani haina macho."

Faida niliyobaki nayo ilikuwa ndogo, na nadhani tiketi za tramu za Jumamosi zilikuwa zimeshaila. Mchumba wangu akasema tubakize moja, iwe mwanzo wa akiba yetu. Mkono wangu ukaenda kwenye ile nzuri kuliko zote. Yeye akaitoa isiyo na pua.

"Hii. Hautaitoa kila magharibi kuiangalia."

Jumapili ya mahari, nyumbani kwa baba yake Koekelberg, nilikuwa na sarafu hiyo mfukoni, maana niliogopa kuiacha Berchem ambako hakukuwa na mtu. Mama mdogo alinisemea vizuri. Bahasha ilipokelewa, na baba mkwe, mzee wa Likasi, aliinua noti moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Hakukuta kasoro. Mchumba wangu alikuwa jikoni, mlango umefungwa, kama inavyotakiwa.

"Bon," alisema mzee. "Na ya kufungua mulango, binti atoke?"

Hatukuwa tumeambiwa habari ya mlango. Mama mdogo alifungua mkoba wake akaufunga tena. Benki Jumapili haina mtu, na kichwa changu kilianza kupiga hesabu zake zote kwa pamoja, pamoja na ile ya jirani mwenye gari. Nikaitoa sarafu nikaiweka kwenye sahani.

Mzee alivaa miwani.

"Huyu? Huyu mwenyewe?"

"Ndiyo, papa."

"Babu ya babu yangu alibeba mizigo ya huyu mutu, hakumulipa hata chumvi." Aliigeuza polepole. Kona ya mdomo wake ikaanza kucheza. "Alors leo njo anakuja kulipia mulango wa binti yangu. Amechelewa, lakini amefika."

Watu walicheka, nami nikapumua. Kisha akaisogeza dirishani.

"Lakini huyu amechakaa. Pua iko wapi? Leta ingine."

"Papa," nilisikia sauti yangu ikisema, "dhahabu inapimwa kwa mizani. Mizani haina macho."

"Mimi niko na macho." Aliiweka mfukoni mwa shati, akaupiga mfuko ule mara moja. "Nimemupokea. Ya pua utalipa amende, faini yake: kreti moya ya bière. Kisha tunafungua."

Nilivaa koti nikashuka ngazi mbilimbili. Nilipofika barabarani dirisha la jikoni lilifunguka juu yangu, na mchumba wangu akatoa kichwa.

"Uchukue ya baridi," alisema. "Na usisimame pale kuchagua chupa."