Nyayo Kwenye Uwanja wa Bibi

Muuguzi aliniambia nifumbe macho. Alikuwa binti mpole, rika la mwanangu wa mwisho, na mkononi alishika kitu chembamba kama uzi wa kuvulia samaki. "Nikikugusa chini ya mguu, mama, uitikie." Nikafumba, nikangoja. Mimi kungoja sikujui. Hata nyumbani kwangu Dodoma wanangu hunisihi nikae angalau nimalize kikombe cha chai. Kimya kilipozidi nikamuuliza, "Mbona huanzi?" Akanijibu taratibu, "Nimeshamaliza, mama."

Nilijua nina kisukari. Sikujua kwamba kimeshuka hadi huko chini na kunizimia nyayo kama mtu anayezima taa za nyumba chumba kwa chumba. Binti akanipa masharti: viatu muda wote, hata ndani ya nyumba, na kila jioni nijikague. "Kutembea peku ndiyo basi tena, mama. Mwiba ukikuchoma hutajua." Nilicheka, akanishangaa. Hakujua anaongea na mtu ambaye tangu alipojua kusimama mpaka alipomaliza darasa la saba hakuwahi kumiliki hata ndala.

Basi wiki hiyohiyo nikapanda basi kwenda Kinampanda, kijijini kwetu. Msiba haukuwepo, harusi haikuwepo. Nilitaka kitu kimoja tu, nikanyage uwanja wa bibi kwa mguu mtupu mara ya mwisho, nione kama kweli hakuna kilichobaki. Wanangu niliwaambia naenda kumsalimia mama mdogo. Kuanzia Manyoni hadi Singida mjini sikutulia kwenye kiti. Abiria wa pembeni aliniuliza kama naumwa.

Wewe nawe kama ulikulia huku kwetu, utakumbuka mwezi wa sita ulivyokuwa. Upepo wa Singida unakata, na sisi watoto tunatoa ng'ombe zizini na vijiguu vyetu vimepauka kama majivu. Dawa tulikuwa nayo. Unamchagua ng'ombe aliyelala, unampiga kofi la mgongo anyanyuke, halafu unasimama palepale alipokuwa amelala, maana udongo wake una joto. Na akidondosha kinyesi, hapo ndipo tulipogombana kama wendawazimu, kila mmoja anataka awe wa kwanza kuzamisha miguu. Ukishapasha unakimbia kisimani, unaosha, unakwenda shule. Mwalimu wa zamu anakagua kucha na masikio, miguu anaipita haraka kwa huruma.

Sitaki nikudanganye kwamba ilikuwa raha tupu. Mbigiri zilitutoa machozi. Funza walitukosesha raha, na bibi akikushika mguu kwa ajili ya kuwatoa kwa pini hakuachii hata ulie namna gani. Visigino vilipasuka, tukavipaka samli, mbwa wakatufuata wakitulamba. Lakini mguu ulikuwa unajua mambo. Ulijua njia ya kisimani gizani, ulijua jiwe gani limeshika jua na lipi bado, ulijua kwamba mvua imenyesha upande wa pili wa shamba la mtama kabla macho hayajaona.

Aliyejua zaidi ya wote ni bibi. Wanawake wengine walifagia uwanja asubuhi. Yeye alifagia jioni, baada ya mbuzi kuingia, akiinama na fagio lake la vijiti mpaka mchanga ukabaki na mistari laini. Baada ya hapo asipite mtu ovyo. Asubuhi, kabla hata ya kuweka chungu cha uji, alitoka akasimama mlangoni na kuusoma uwanja. "Mwalimu kapita huku bila viatu vyake, kidole chake kidogo hakigusi chini." "Jirani kaja kuchukua moto, goti bado linamsumbua." Halafu ananigeukia mimi, mjukuu wake niliyelala naye nyumba moja. "Na wewe ulikuwa unawahi wapi?" Nyayo zangu zilikuwa na vidole vilivyozama na visigino ambavyo ni kama havipo. "Huyu mtoto hatembei," alikuwa akiwaambia wageni. "Hata chooni anakwenda mbio."

Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mjomba aliyekuwa akifanya kazi reli kule Manyoni akaniletea viatu. Vyeusi, vya ngozi, vikubwa kupita mguu ili nikue navyo. Mama akajaza pamba mbele na kuniambia nivivae kidogo kidogo nivizoee, nisije nikachubuka. Kidogo kidogo ndilo neno lililonishinda maisha yangu yote. Kesho yake alfajiri, kila mtu amelala, nikavivaa, nikatoka navyo. Nikazunguka uwanja. Nikaenda kuwaonyesha mbuzi. Nikazunguka banda lao, kisha nikachukua ndoo na kushuka kisimani, najitazama miguu kila hatua, mara nikajikwaa kwenye mzizi na kucheka peke yangu.

Nyuma yangu bibi akaamka, akaja mlangoni kusoma uwanja wake. Akakuta viatu. Nyumba yetu haikuwa na mtu mwenye viatu, na vile vya mjomba bibi alivijua vikiwa ndani ya boksi, havikuwahi kukanyaga chini mbele ya macho yake. Alichokiona ni mtu mgeni aliyetembea kwenye mlango wake, akalizunguka banda la mbuzi na kushika njia. Akapiga yowe.

Kwetu yowe halina mjadala. Watu walitoka na fimbo, na wa kwanza alikuwa jirani yetu yule wa goti, ambaye kijiji kizima kilimtegemea ng'ombe akipotea kwa sababu alifuata kwato hata juu ya mwamba. Wakahesabu mbuzi, wote wapo. "Basi kaja kuchungulia," bibi akasema. "Leo usiku anarudi kuchukua." Jirani akainama, akapima kwa fimbo, akatangaza, "Mwizi huyu ni mwepesi. Na viatu siyo vyake, vinamcheza." Wakazifuata nyayo, msafara mzima, hadi kisimani, wakanikuta nimejitwika ndoo nikirudi, viatu vimejaa tope.

Jirani alicheka mpaka akakaa chini na goti lake. Wengine walinitania hadi siku ninaondoka, wakaniita mwizi wa mbuzi. Bibi peke yake hakucheka. Alinitua ndoo kichwani, akanitazama miguu muda mrefu.

"Sasa ukirudi kutoka huko na hivyo vitu," akasema, "nitakujuaje kama ni wewe?"

"Si utaniona uso, bibi!"

"Uso! Uso si utaletwa umenona, umepakwa mafuta ya dukani."

Niliona ni mambo ya wazee. Lakini likizo ya kwanza niliposhuka kwenye gari Kiomboi na kutembea kwenda nyumbani, nilifika mahali njia yetu inapochepuka, nikasimama. Nikavua viatu. Nyayo zangu zilikuwa zimeanza kulainika, kokoto zikaniuma, nikaona aibu. Nilifika jioni, uwanja umeshafagiliwa. Bibi aliitikia shikamoo yangu, akanipa ugali wa uwele na mlenda, tukaongea, lakini kukaribishwa rasmi kulikuwa kesho yake asubuhi, aliposimama mlangoni na kusema kwa sauti, kama anayemwambia mtu mwingine, "Naona yule wa mbio karudi." Nilifurahi nikashindwa kulala tena. Tangu hapo kila likizo nilivua viatu palepale.

Alifariki nikiwa kazini mbali. Nilifika mazishini nimevaa viatu, nikaenda moja kwa moja, sikukumbuka kuvua. Uwanja ulikuwa umekanyagwa na watu wa vijiji vyote. Liliniuma jambo hilo, na bado linaniuma.

Safari hii nilimkuta mama mdogo, mdogo wake mama, anayeishi pale sasa. Nyumba ina bati na taa ya sola. Watoto wa jirani wanapita na ndala, na nashukuru, maana funza sijawasikia tena. Ila nilichungulia njiani, nikaona ndala zote zimetoka mnadani, alama ni ileile. Kijiji kizima kinatembea kwa unyayo mmoja.

"Si umesema hospitali wamekukataza?" mama mdogo akaniuliza nilipoanza kufungua kamba za viatu.

"Wamekataza, ndiyo."

Aliniangalia, akaguna. Kisha akachukua fagio na kufagia uwanja wote, akarudia tena, akainama kuokota kwa vidole kila kijiti na kila mwiba, mama mtu mzima yule, huku mimi nimekaa kwenye kigoda, magoti yanacheza kwa haraka ya kuanza. Alipomaliza akasogea pembeni. "Haya. Nenda."

Nikaenda. Nilitegemea hata joto, maana mchanga ulikuwa umepigwa na jua tangu asubuhi. Hapana. Ilibidi nitazame chini nijue kama nimeshakanyaga. Nilivuka uwanja wa bibi kutoka mlangoni hadi lilipokuwa banda la mbuzi kama mtu anayetembea juu ya godoro, na machozi yalinitoka, sikuyaficha.

Halafu nikageuka, nikatazama nyuma, nikajaribu kusoma kama alivyokuwa akisoma yeye. Mtu mzito. Anakanyaga kwa kisigino. Mguu wa kushoto anauburuta kidogo, na vidole vimekunjamana pamoja kwa miaka mingi ya viatu. Hana haraka ya kwenda popote. Nikazitazama nyayo zile kwa muda, na sikumjua ni nani.

Mama mdogo aliniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia chukua fagio, futa. Bibi angetoka mlangoni asubuhi akaona zile, angepiga yowe.