Pamba ya Dokta

Swali la kwanza halikuwa kuhusu cheti. Cheti cha uuguzi nilikuwa nacho, nimekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisiharibiwe na jasho, na Dokta hakukigusa. Aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu, kisha akauliza, "Una mtoto?"

"Sina."

"Vizuri. Wenye watoto wananisumbua. Leo mtoto ana homa, kesho yaya katoroka. Hapa si serikalini, hatubembelezani."

Mwanangu wakati ule alikuwa hata kukaa hajaanza. Alikuwa amelala kwa mama yangu mdogo, mtaa wa pili kutoka pale tulipokuwa tunaongea. Nilisema sina kwa sauti ileile ambayo ningesema sina mwavuli. Mpaka leo siombi msamaha kwa uongo huo.

Waliotutangulia chuoni walimaliza uuguzi wakapangiwa hospitali. Sisi tulipomaliza, mlango ulikuwa umefungwa. Karani wa ofisi ya mkoa hakuinua hata kichwa. "Serikali inapunguza watu, wewe unataka kuongezwa?" Akacheka mwenyewe, na wenzangu kwenye foleni wakacheka naye, labda wakidhani kucheka kutawasaidia. Rafiki niliyesoma naye alikwenda kiwanda cha samaki kuchuna sangara. Baba wa mtoto alikwenda machimboni kutafuta dhahabu, akatuma salamu mara moja, kwamba nisimsubiri. Sikuwa namsubiri.

Dokta hakuwa daktari. Alikuwa mganga msaidizi wa serikali, na hospitali za watu binafsi ziliporuhusiwa akaacha kazi, akageuza vyumba vya mbele vya nyumba yake hapo Pasiansi, Mwanza, kuwa zahanati. Kila mtu alimwita Dokta, nami nikamwita hivyo. Alinipa kazi ya majaribio. Majaribio yanaisha lini hakusema, wala mshahara unaanza lini.

Kazi ilikuwa kuchoma sindano. Mgonjwa aliyepewa vidonge peke yake alijiona ameibiwa. "Vidonge hata dukani vipo, sista. Mimi nimekuja kuchomwa." Basi nachemsha mabomba ya sindano, nafuta tako kwa pamba, nachoma, nafuta tena, namwita mwingine. Ningeweza kuifanya nimelala. Mara nyingi nilijiona kama nimelala kweli.

Mwili ndio haukulala. Mtoto wa mtu akilia mle chumbani, maziwa yangu yanashuka. Siku ya kwanza nilikimbilia chooni nikayakamulia ukutani. Siku iliyofuata nikachukua pamba. Nilikata vipande vinene, nikavikunja, nikaviweka ndani ya sidiria, vikilowa natupa kwenye shimo la choo, naweka vingine. Sare yangu nyeupe ikabaki kavu. Nilijiona mjanja.

Jioni nyumbani mama mdogo hanipi hata nafasi ya kuvua viatu.

"Katoto kamelia mpaka kamekauka sauti. Wewe unabembeleza watoto wa nani huko?"

"Mama mdogo, nikikaa nyumbani tutakula nini?"

"Mimi sijakuuliza habari ya chakula."

Ananitupia mtoto mapajani. Mtoto ananyonya huku ananikodolea macho kama mgeni. Mimi naangalia ukuta.

Dokta akaona pamba inaisha upesi. Alikuwa ametoka hospitali ya serikali, alijua vitu vinavyotoka chini ya sare za manesi kwenda kuuzwa mitaani. Kila jioni akaanza kukagua mkoba wangu. Alikuta kanga na kiazi kitamu cha kuchemsha, basi. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi, kwa sababu mwizi asiyekamatika ni mwizi hodari.

Asubuhi moja, benchi limejaa, akaniita mbele ya meza yake. Kati yake na wagonjwa hapakuwa hata na pazia.

"Pamba yangu inakwenda wapi?"

"Inatumika, Dokta."

"Inatumika! Unamwosha mgonjwa mwili mzima?"

Benchi likacheka. Bibi mmoja aliyeleta mjukuu akadakia, "Labda anajaza mto!" Wakacheka zaidi.

"Unamuuzia nani?" Dokta akauliza. "Sema leo. Ukinificha, zahanati zote za Mwanza zitajua wewe ni mwizi, uone nani atakuajiri."

Hapo nikaelewa. Nikiwa mama nitafukuzwa hapa. Nikiwa mwizi nitafukuzwa kila mahali, hata pale ambapo sijafika bado. Nilifungua vifungo viwili vya juu, nikaingiza mkono, nikatoa kipande cha pamba cha upande wa kulia, kisha cha kushoto. Nikaviweka mezani pake, karibu na kipimo chake cha mapigo ya moyo. Vilikuwa vizito, vimeshika umbo langu kama vibakuli. Maziwa yakatiririka mpaka ukingoni mwa meza.

"Hiyo hapo. Nyingine iko chooni, kaichimbue."

Yule bibi ndiye aliyeanza kusema.

"Kumbe ana kachanga!"

"Sisi tulijua," akasema mama mmoja aliyepakata mwanawe. "Ananukia maziwa tangu siku ya kwanza. We Dokta pua yako ya kazi gani?"

Sasa walikuwa wanamcheka yeye. Shingo ilimvimba.

"Uliniambia huna mtoto."

"Uliniambia hutaki mwenye mtoto."

"Kwa hiyo ulinidanganya."

"Na wewe umeniita mwizi."

Akaiangalia ile pamba. Nadhani angemwelewa mwizi kuliko mimi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Yuko wapi?"

"Mtaa wa pili. Kwa mama mdogo."

"Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

Alifuta meza kwa gazeti. "Maliza hawa waliopo, halafu uende."

"Niende nikanyonyeshe nirudi, au niende moja kwa moja?"

Yule bibi akamwambia, "Dokta baba, si amlete alale hapa kwenye benchi, kwani atakula nini chako?"

"Hapa ni zahanati, si nyumba ya kulea."

"Zahanati isiyotaka watoto ni ya nani? Ya ng'ombe?"

Dokta akaniangalia mimi, si bibi. "Uende," akasema. "Moja kwa moja."

Niliwamaliza wote. Kila mtoto alilia, na sasa sikuwa na kitu cha kuzuia maziwa. Sare ililowa mpaka kiunoni, nikaendelea kuchoma. Bibi aliponiletea mjukuu, alimshika miguu vizuri ili nisihangaike. Nikaondoka bila kuaga. Kanga ilikuwa mkobani ningeweza kujifunika, sikujifunika. Watu wa Pasiansi wakaangalia, waache waangalie.

Nyumbani mtoto alikuwa ametoka kunywa uji. Nilimpa ziwa, akageuza uso, ameshiba. Nikakamulia maziwa chini, pale mlangoni. Mama mdogo aliona, akaenda kufua ile sare.

Asubuhi niliivaa ina mabaka mawili ya manjano kifuani, nikamfunga mtoto mgongoni, nikatoka kutafuta kazi. Zahanati ya Nyegezi walisema nirudi akishaacha kunyonya. Zahanati iliyofuata walimwona mtoto wakasema mwenye zahanati hayupo, na mwenyewe nilikuwa namsikia anakohoa ndani. Mjini kulikuwa na mama wa Kihindi mwenye duka la dawa na chumba cha sindano nyuma. Aliangalia mgongoni kwangu kabla hajaniangalia mimi.

"Huyu nalia sana?"

"Analia."

"Mimi lea toto nne huko nyuma. Weka yeye karibu na mlango, iko hewa." Kisha akanyoosha mkono. "Leta cheti."

Alikisoma chote, mbele na nyuma, akasema naweza kuanza. Nilingoja nisikie furaha, haikuja. Nilimfungua mtoto, nikamlaza karibu na mlango, nikauliza mabomba yanachemshiwa wapi.