Swali la Migomba ya Nyabibuye

Siku yangu ya kwanza kazini Kasulu, ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye ngazi za boma. Nilizipanda nikiwa na viatu vya Dar es Salaam na shahada ya siasa, ingawa nyumbani kwetu ni hapo Buhigwe tu. Chuoni nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu wabunge wa kujitegemea, wasioegemea upande wowote. Mkuu wa Wilaya alinisikiliza hadi mwisho, akacheka.

"Kijana, hapa chama ni kimoja. Mgombea mmoja jembe, mwingine nyumba. Wewe si jembe wala nyumba. Wewe ni gari."

Hakukosea. Nilipelekwa Kibondo kuwa msaidizi wa msimamizi wa uchaguzi, kazi yangu ikawa kuwazungusha wagombea wawili katika Land Rover moja. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya sabini: chama kimoja, jukwaa moja, alama za jembe na nyumba kwa ajili ya wasiojua kusoma, na hotuba kwa Kiswahili tu. Mimi niliketi katikati. Vilima vilielea dirishani kama vitu nilivyowahi kuviota, na wagombea walisinzia, kila mmoja kwenye bega langu.

Wa nyumba alikuwa mwenye duka. Wa jembe alikuwa Mwalimu Ntibona.

Kule Nyabibuye, mkulima mmoja, Mama Stefania, alisimama akauliza swali kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani. Habari kwamba watu watahamishiwa vijiji vya ujamaa zilikuwa zimeshafika. Kila mtu alielewa, lakini hakuna aliyeruhusiwa kujibu kwa Kiha. Mwalimu akanigeukia.

"Ndugu Msimamizi, wewe ni Muha mwenzetu. Niulize hilo kwa Kiswahili."

Nikasimama. "Mama anauliza: akihamishwa, migomba aliyoachiwa na mama yake itakuwa ya nani?"

"Sijui," akasema Mwalimu. "Nikifika Bungeni nitauliza hivyohivyo."

"Utauliza ukiwa upande wa nani?" mwenye duka akamchokoza.

"Wa migomba."

Watu walicheka, na siku ya uchaguzi wakampa Mwalimu kura.

Baadaye nilihamishiwa ofisi ya Bunge, Dar es Salaam, nikawa karani. Huko nilimwona Mwalimu akitimiza ahadi: aliuliza migomba itakuwa ya nani. Waziri alijibu kwamba vijiji vitaleta shule na maji. Mbunge huruhusiwa swali la nyongeza, yaani swali fupi la kubana jibu lisilotosheleza. Mwalimu akasimama tena.

"Nashukuru kwa maji. Na migomba?"

Ukumbi ulicheka. Feni zilizunguka polepole juu yetu, na hakuna aliyemuunga mkono. Uchaguzi uliofuata, chama hakikurudisha jina lake.

Siku hizi vijana huniuliza: mbunge asiye na upande ana kazi gani, maana peke yake hapitishi sheria? Mimi huwasimulia safari moja.

Nilipostaafu, mimi na Mwalimu tulikwenda Nyabibuye. Shamba la zamani la Mama Stefania lilikuwa limemezwa na msitu. Lakini mbele ya nyumba aliyohamishiwa kulikuwa na migomba; siku ya kuhama alibeba machipukizi kichwani.

"Mama, sikukusaidia kitu," Mwalimu akamwambia.

"Uliniulizia," akasema, akimkabidhi mkungu. Kisha akanitazama kuanzia viatu kwenda juu. "Na huyu, si ndiye aliyeuliza kwanza?"

Akachukua panga, akaenda kukata mkungu wa pili.