Mlinda Lango wa Mwaka wa Pili

Mutwalibu Kirunda alikuwa mtu wa kupanga. Majirani zake wa mtaa wa Namakwekwe, mjini Mbale, walimcheka kwamba mboga ya Jumamosi ameshaijua tangu Jumatatu. Asubuhi alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka lililoachwa na Wahindi. Jioni alikuwa kocha wa Manafwa Star, timu aliyoichezea beki ya kushoto miaka tisa mpaka goti likamwambia basi. Alizaliwa Buwenge, akaja Mbale kufuata mpira, akaoa, akabaki. Alipokata kitambaa alipima mara tatu kabla ya kushika mkasi, na mteja mwenye haraka alionyeshwa njia.

Vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipopita Mbale, timu ilikuwa imebaki jina. Wakubwa wa jeshi waliokuwa wakitawala waliipenda Star mapenzi ya kuua: ikishinda, wachezaji walilishwa nyama, ikifungwa, waliwekwa ndani. Wakubwa hao walipokimbia, walikimbia na basi la timu, nyavu za magoli, hata mipira. Wachezaji wanne walivukia Kenya, wawili walikufa, na nahodha hakuna aliyejua aliko. Kiwanda cha pamba kilichokuwa kikiwalipa mishahara kilifungwa. Ligi ilipotangaza kwamba itaanza tena, Star ilikuwa na watu tisa, na katika hao tisa wenye viatu walikuwa wawili.

Hapo Mutwalibu alinunua daftari la shule, akaupa kila mwaka ukurasa wake. Mwaka wa kwanza: tusishuke daraja, basi. Wa pili: vijana kutoka shule za Busiu. Wa tatu, wa nne, na wa tano: kombe. Alisema timu hujengwa kuanzia nyuma, kama nyumba inavyoanzia chini, na katika kurasa zote tano mlinda lango alikuwa mmoja tu, Bakhit. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mrefu, si msemaji, na krosi ikipigwa hakuna aliyewahi kumtangulia hewani.

Kosa la Bakhit lilikuwa kabila lake. Alikuwa Mnubi, na askari wengi wa utawala ule walikuwa Wanubi. Marehemu baba yake alikuwa mchinjaji sokoni, hakuwahi kushika bunduki, lakini nani aliuliza? Kwenye mechi ya kujipima nguvu mawe yalianza dakika ya kumi. "Toa Mnubi! Toa Mnubi!" Jiwe moja lilimpata sikioni. Aliendelea kudaka huku damu ikimchuruzika shingoni, hakufungwa hata bao moja, na hilo liliwaudhi watu zaidi.

Kesho yake mwenyekiti wa klabu, Bogere, alikuja barazani.

"Kocha, mimi hapana na ubaya na huyu kijana," alisema. "Lakini watu nakataa kuja. Watu bila kuja, timu nakufa. Peleka orodha bila yeye."

Kabla ya msimu kila klabu ilipeleka kwa ligi orodha yenye mhuri ya wachezaji wasiozidi ishirini na wawili, na kila aliyeandikwa alipewa kadi yenye picha. Siku zile kadi hiyo haikuwa kitu cha mchezo. Askari wapya waliokaa kwenye vizuizi vya barabarani walipenda mpira, ukiitoa, ulipita. Mutwalibu mwenyewe alikuwa amepita mara mbili kwa kadi yake ya ukocha. Alilijua hilo vizuri, na mimi sitamtetea.

Siku mbili alikaa na daftari. Kisha akafanya wanalofanya wapangaji wakibanwa: aliahirisha. Alilikata jina la Bakhit kwenye mwaka wa kwanza, akaliandika kwenye wa pili kwa wino mwekundu. Mahali pake akamweka Gaster, polisi aliyekuwa akidaka huku amefumba macho.

"Mwaka mmoja tu, mwanangu," alimwambia Bakhit. "Watu wapoe."

"Na kadi, kocha?"

"Ya zamani irudishe. Ligi inazitaka zote."

Bakhit aliitoa mfukoni, imefungwa kwenye nailoni isilowe, akaiweka juu ya cherehani. Hakubisha. Mutwalibu alitamani abishe.

Wiki tatu baadaye Bakhit alipanda gari kwenda Jinja, kutafuta kazi kwa mjomba wake. Nje kidogo ya mji, kwenye kizuizi cha askari, abiria waliteremshwa. Wenye vitambulisho upande huu, wasio navyo upande ule. Gari liliondoka bila Bakhit.

Kulusumu, mama yake, alipopata habari kwa abiria waliopita, alikuja barazani na buibui lake la safari. "Kocha, twende. Wewe mtu wa mpira, watakusikia."

Wakaenda mpaka lango la kambi ya askari wa kizuizi kile. Koplo aliyekuwa zamu aliitwa Odongo, mtu wa kaskazini, na hakuwa mkali.

"Mzee, wewe natafuta nani?"

"Mchezaji wangu, afande. Bakhit, mlinda lango wa Manafwa Star."

Uso wa Odongo ulichangamka. "Star! Mimi naona nyinyi nacheza Lira, mbele ya vita. Kama ni mchezaji, mkubwa nasikia. Lisiti ya majina ya timu iko?"

Mutwalibu alikuwa nayo. Tangu vita hakutoka bila karatasi yenye mhuri. Aliitoa kwa sababu hakujua la kufanya. Odongo alisoma majina yote kwa kidole, akarudia tena.

"Bakhit hapana iko."

"Huyu afande si mtu wa Mbale," Kulusumu akasema, "majina yetu yanampita. Kocha, msomee wewe."

Angeweza kudanganya kwamba orodha ni ya zamani. Hakudanganya.

"Nililitoa mimi, mama Bakhit. Kwa mwaka mmoja tu. Nimemwandika mwaka wa pili."

Odongo aliikunja karatasi, akamrudishia. "Kama nyinyi wenyewe nakataa yeye, mimi nasema nini kwa mkubwa?"

Kulusumu hakulia. Aliuliza tu, "Mwaka wa pili unaanza lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Haya."

Star haikushuka daraja. Vijana wa Busiu walikuja kama ilivyoandikwa, na watu wakarudi uwanjani. Bakhit hakuonekana, wala maiti yake. Mwezi wa tatu, mechi ya kwanza, Kulusumu alilipa kiingilio kama watu wote, akakaa nyuma ya goli. Timu zilipoingia aliinuka, akamkazia macho aliyevaa glovu mpaka filimbi ikapigwa. Kisha akauzunguka uwanja, akaja kusimama mbele ya benchi la kocha, huku watu wakimfokea awapishe waone.

"Si yeye," alisema.

Alisimama palepale mpaka mapumziko, na Mutwalibu hakuona hata dakika moja ya mchezo.