Spana Nje ya Kamba

Mume wangu hajawahi kupita karibu na baiskeli akaiacha kama alivyoikuta. Mtaani wanamwita Spana, na jina hilo halikuanza kwa sifa, lilianza kwa malalamiko. Egesha baiskeli yako nje ya duka, ingia ununue chumvi, ukitoka utamkuta kachuchumaa anazungusha gurudumu lako na kusikiliza, uso umemkunjamana. Mara mbili ameitiwa mwizi. Mara zote mbili mwenye baiskeli aliondoka na breki nzuri kuliko alizokuja nazo, na hakuna aliyeomba radhi.

Hata siku aliyokuja kwetu kujitambulisha, wajomba zangu wamejipanga sebuleni na nyuso zao za kazi, mwenzangu alikuwa uani na baiskeli ya baba. Baba alitoka kumwita. Akarudi baada ya nusu saa, ana grisi hadi viwikoni, akasema kwa upande wake maongezi yamekwisha. Ndivyo nilivyoolewa. Mpaka leo sina hakika kama siku ile Spana alinitazama.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikulia juu ya benchi la karakana. Alijifunza kuendesha kwenye kilima cha nyuma ya nyumba, kwenye mawe na mizizi, na alikuwa akiniangalia kwa huruma kila nilipofumba macho. Alipofika miaka ishirini na mbili akachukuliwa na timu ya mbio za baiskeli za milimani, msimu mzima wa kimataifa, mbio sita katika nchi sita. Msiijengee picha kubwa hiyo timu. Walikuwa wasichana watatu, gari moja, na meneja, mwanamke mkavu ambaye sikuwahi kuona meno yake. Fundi wao alikuwa ameacha kazi, meneja akasikia baba wa mmoja wao ni fundi, akamwita. Mimi nilikwenda kwa kuwa alihitajika mtu wa kuwapa wasichana chupa za maji njiani, na kwa kuwa mume wangu namjua.

Siku ya kwanza meneja alisema jambo moja tu. Mwisho wa msimu, atakayekuwa ndani ya ishirini bora kwa jumla ya pointi za mbio zote anabaki na timu. Atakayekuwa nje anarudi kwao. Binti yangu alitikisa kichwa kukubali. Hakuwa na mpango mwingine wa maisha. Hata mimi niliogopa.

Sasa, mbio hizi zina kanuni. Wanazunguka njia ileile ya mlimani mara sita, na mahali fulani pamezungushiwa kamba. Ndani ya kamba fundi anaruhusiwa kugusa baiskeli. Nje ya kamba haiguswi na mtu yeyote isipokuwa anayeiendesha, hata ikikatika vipande viwili. Na akishapita eneo hilo haruhusiwi kurudi nyuma. Spana alitusomea kanuni hiyo kwa sauti mara mbili, kidole juu, kana kwamba sisi ndio wa kuonywa.

Mbio za kwanza binti alikuwa wa kumi na saba, na Spana akawa hashikiki. Mafundi wa timu kubwa walikuwa na spana za kisasa zinazolia "tik" nati ikifikia mkazo wake. Yeye alikaza kwa mkono na sikio. Mmoja wao akaja kumpima kwa kile chombo chake, nati baada ya nati, akaondoka kimya. Jioni nililazimika kuisikiliza habari hiyo mara nne.

Mbio za pili ndiyo aibu yetu. Binti alianguka kwenye kona, cheni ikatoka, hatua kama thelathini kabla ya kamba. Angeinuka na kuisukuma tu. Lakini kabla sijageuza shingo, mume wangu alikuwa amesharuka kamba, amepiga magoti, ameirudisha cheni na kuifuta kwa shati lake. Sekunde tatu. Akasimama akinitazama, anasubiri sifa. Nyuma yake msimamizi alikuwa tayari anaandika. Binti akaondolewa kwenye mbio hizo papo hapo, bila pointi.

Alipoulizwa na meneja, alisema mkono ulikwenda wenyewe. Ninavyomjua, ilikuwa kweli, lakini ukweli wa namna hiyo haumsaidii mtu. Binti hakuongea naye siku tatu. Ya nne, ndani ya gari, akamwambia, "Baba, ungeniacha tu."

"Nilijua utaumia, mwanangu."

"Nimeumia."

Kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma, halafu nikakumbuka alichofanya, nikaacha.

Tangu hapo nikabuni dawa. Kila mbio nilimkabidhi chupa mbili zilizojaa, moja kila mkono, ili mikono yake iwe na shughuli. Mbio za tatu binti alipita kasi akaishika chupa yake, na baba mtu akasahau kuachia. Walivutana chupa kama watoto wanaogombea kijiko, nusura amwangushe. Ilibidi nimfundishe kuachia chupa, mtu mzima mwenye mvi. Siku zisizo na mbio hamu yake aliimalizia kwenye nyumba tulizopanga. Alinyoosha bawaba, akakaza viti, akafungua bomba lililokuwa likidondosha tone moja kwa dakika na kutupatia mafuriko ya siku nzima. Mama mwenye nyumba mmoja hata hivyo aliniuliza, kwa heshima zote, kama naweza kumwachia Spana wiki moja zaidi. Nilifikiria.

Tulipofika mbio za sita, binti alikuwa wa ishirini na mbili kwa jumla ya pointi. Meneja alipiga hesabu: siku hiyo amalize wa kumi na tano au juu ya hapo, la sivyo ndiyo mwisho. Asubuhi hiyo hakuna aliyekunywa chai yake ikaisha.

Mzunguko wa nne alipita kwetu akiwa wa kumi na mbili. Alichukua chupa vizuri, baba akaachia vizuri. Hatua kumi baada ya kamba nikasikia mlio, pedali zikazunguka bure. Cheni ilikuwa imekatika.

Hatua kumi. Ningeweza kumrushia leso. Binti alishuka, akapindua baiskeli, akatoa vifaa mfukoni. Nilimshika mume wangu mkanda wa suruali kwa nguvu zangu zote. Hakuruka. Chupa ilimdondoka, akaishika kamba kwa mikono miwili mpaka vidole vikabadilika rangi. Lakini mdomo kanuni haikuukataza, naye akaufungua: toa pini, usiisukume yote, geuza upande wa pili, kiungo cha akiba kiko kushoto, kushoto, nimesema kushoto.

Binti hakuinua kichwa. "Baba, nyamaza. Niko kazini."

Ilikuwa sauti yake mwenyewe Spana akiwa kwenye benchi, pale mteja anapomchungulia begani. Akanyamaza. Waendeshaji saba walitupita nikiwahesabu mmoja mmoja. Kisha cheni ikakaa, binti akapanda, akapotea msituni, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimemkata mume wangu pumzi kwa mkanda.

Mizunguko miwili iliyobaki sikuiona, niliisikia tu kwenye kipaza sauti, namba baada ya namba. Wa kumi na nane. Wa kumi na saba. Alivuka mstari akiwa wa kumi na tano, akalala palepale kwenye nyasi, na meneja alimsogelea na karatasi yake na kumwambia waonane mwakani. Nikaona meno yake hatimaye. Nilimkumbatia binti yangu na matope yake yote, nikalia bila kuona haya.

Alipopata pumzi alimsukumia baba yake baiskeli. "Iangalie, Baba. Kuna kitu kinagonga."

Spana akachuchumaa. Akazungusha pedali taratibu, sikio karibu. Kilikuwa kinagonga. Mimi ambaye sijui nati wala spoki nilikisikia: ka, ka, ka, kila kile kiungo cha akiba kilipopita. Akakitazama kwa muda mrefu, na niliona kidole chake kikikisogelea, kikasimama. Halafu akainuka, akafuta kwenye suruali mikono ambayo haikuwa na grisi hata tone.

"Haina kitu," alisema. "Umeifunga vizuri. Iache hivyo hivyo."

Nimeishi na mtu huyu miaka ishirini na sita, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akidanganya kuhusu baiskeli.